Uwanja wa Ndege wa Mwanza: Ulivyoanza na Barua, Ukaingia Vitani, Ukarudi kwa Abiria

Mtu wa Bariadi anayetaka kupanda ndege huanza safari yake kwa basi. Anashuka hadi Lamadi, anaingia barabara kuu itokayo Musoma, anapita Magu na Kisesa, anapenya jiji la Mwanza, kisha anashika njia ya Kirumba na Pasiansi, ziwa likiwa upande wake wa kushoto, mpaka afike Ilemela ulipo uwanja. Ni safari ya kilomita zinazokaribia 200. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa Machi 2012, ukakatwa hasa kutoka Shinyanga na kupewa wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Tulipata mkuu wetu wa mkoa na hospitali yetu ya rufaa, lakini kwa ndege za abiria tumebaki watu wa Mwanza. Ndiyo maana historia ya uwanja ule ni yetu pia, na ndiyo maana naiandika nikiwa na wasomaji wa huku akilini.

Kuna sababu nyingine ya kuiandika sasa. Machi 2031 itatimia miaka 100 tangu ndege ya kwanza ya ratiba kutoka London ifike Mwanza. Taasisi ikifikisha umri huo hufanyiwa sherehe, hotuba husomwa, na picha za viongozi hupambwa ukutani. Nahofia kwamba siku hiyo ikifika tutasimuliwa habari za majengo na idadi ya abiria, na miezi michache ya vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, ambayo kwangu ndiyo moyo wa historia yote, itapitiwa kwa sentensi moja.

Tuanze na barua. Kampuni ya Uingereza iliyoitwa Imperial Airways ilikuwa na ndoto ya kuunganisha London na Cape Town kwa ndege. Haikuweza kuifika Cape kwa mara moja, kwa hiyo ilianza na nusu ya njia, na mwisho wa nusu hiyo ulikuwa Mwanza. Tarehe 28 Februari 1931 safari ya kwanza iliondoka Croydon, London, na siku za mwanzo za Machi mzigo wake wa barua ukafika kwenye Ziwa Victoria. Huduma ilikuwa ya mara moja kwa wiki. Kwa muda wa miezi kadhaa, mji wetu wa mawe ulikuwa kituo cha mwisho cha safari ndefu kuliko zote zilizokuwa zikifanywa na ndege za Uingereza barani Afrika.

Ndege iliyofika Mwanza haikuhitaji uwanja. Kutoka Khartoum kuja kusini kampuni ilitumia ndege za kutua majini aina ya Short Calcutta, zenye injini tatu na nafasi ya abiria wapatao 15, tumbo lake limeundwa kama la mashua. Ilikuwa inashuka juu ya maji, inapunguza mwendo, inafungwa kwenye boya, halafu mashua ndogo inaifuata kuchukua magunia ya barua na kupeleka petroli. Sababu ya kuchagua maji ilikuwa wazi. Kukata njia ya kurukia katikati ya pori, kung'oa visiki, kushindilia udongo na kuulinda usigeuke tope kila masika kulihitaji fedha na watu. Ziwa lilikuwapo tayari. Mwanza ilikuwa pia na reli, iliyofika kutoka Tabora mwaka 1928, kwa hiyo barua iliyoshushwa majini jioni iliweza kuendelea na treni.

Heshima hiyo haikudumu. Tarehe 20 Januari 1932 njia nzima hadi Cape Town ilifunguliwa, na kutoka Kisumu ndege zikapinda kuelekea Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa pembeni. Mwaka 1937 kampuni hiyo ilipoleta ndege kubwa zaidi za majini, zilipita pwani, zikatua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndege zilianza kuupita mji uliokuwa mwisho wa safari, na hali hiyo ya kusubiri wengine wahudumiwe kwanza watu wa Kanda ya Ziwa waliizoea kwa miaka mingi.

Hapa inafaa kutazama jirani zetu wa pwani, kwa sababu viwanja vingi vya Afrika Mashariki vilizaliwa na vita. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, zikazamisha meli kadhaa za kivita za Uingereza, na kundi la meli lililosalia likarudishwa nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Meli zinazobeba ndege zikiwa bandarini haziwezi kurusha ndege zake. Lazima ndege hizo ziwe na mahali pa kukaa nchi kavu. Hivyo Port Reitz, kiwanja kilichojengwa Mombasa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa vita, kikawa na kazi kubwa, na Tanga nayo ikawa kituo cha ndege za jeshi la majini la Uingereza kuanzia 1942 hadi 1944. Vita vilipohamia mashariki zaidi, wanamaji wakaondoka na viwanja vikabaki kwa raia. Port Reitz ndiyo leo Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Tanga bado inapokea ndege ndogo za Pemba, Unguja na Dar es Salaam.

Mwanza ilipita njia tofauti na hiyo. Haikuzaliwa na jeshi ikapewa raia. Ilianza na barua, ikaitwa vitani ikiwa mtu mzima, kisha ikarudi kwa abiria wake, kama mgambo wa Maswa aliyeacha shamba la pamba, akashika bunduki, na vita vilipokwisha akarudi kushika jembe lake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi tarehe 1 Januari 1946 likiwa na ndege ndogo sita za injini mbili. Shirika hilo la nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ndilo lililozoesha wakazi wa Kanda ya Ziwa kuona ndege ya abiria ikitua nchi kavu na kuondoka kwa saa inayojulikana. Abiria wake wengi walikuwa maofisa wa serikali, wafanyabiashara wa pamba, wamisionari na madaktari. Mkulima aliyelima pamba hiyo alikuwa akiisikia ndege juu ya kichwa chake, akiendelea na palizi.

Mambo yalibadilika pale Idi Amin alipomwondoa Milton Obote madarakani Januari 1971 na Mwalimu Nyerere akampokea Obote Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa Amin. Mpango wao ulikuwa na sehemu ya angani: ndege ya Shirika la Afrika Mashariki aina ya DC-9 ichukuliwe Dar es Salaam, ibebe wapiganaji, iwashushe Entebbe. Ndege hiyo iliishia Kilimanjaro na matairi yaliyopasuka. Uvamizi ukashindwa, na Amin akajibu kwa kutuma ndege zake kupiga Bukoba na Mwanza kwa mabomu. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huohuo ulituliza bunduki, lakini serikali ilikuwa imeona jinsi miji ya ziwa ilivyokuwa wazi kwa adui wa angani. Ununuzi wa ndege za kivita za MiG-21 kutoka Urusi ya wakati ule, mafunzo ya marubani ng'ambo, na kujengwa kwa kambi kubwa ya anga ya Ngerengere, Morogoro, kwa msaada wa China, ni mambo yaliyotokea katika miaka hiyo.

Shirika la Afrika Mashariki lilivunjika mwanzoni mwa 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika, na Machi mwaka huo Tanzania ikaunda Shirika la Ndege la Tanzania, ATC. Shirika lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili vita vilipokuja.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilianza kushambulia upande wa Kagera, Bukoba ikapigwa, na mwisho wa mwezi majeshi ya Amin yakavuka mpaka na kulitwaa eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Mwalimu alikuwa ameshalihutubia taifa siku moja kabla, na maneno yake kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao yalisikika redioni mpaka vijiji vya ndani kabisa vya Meatu. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 liliongezwa kwa majuma machache hadi kupita 150,000, kwa kuwaita mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa. Treni zilileta askari Mwanza, na kutoka hapo meli za ziwa zikawavusha kwenda Bukoba.

Kwa nini Mwanza? Chukua ramani. Kutoka Ngerengere hadi Entebbe, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1,000. MiG-21 ni ndege ya kasi, lakini ina tenki dogo na ulafi mkubwa wa mafuta, na haiwezi kwenda umbali huo, kupigana, na kurudi. Kutoka Mwanza hadi Entebbe, kukata ziwa moja kwa moja kuelekea kaskazini, ni kama kilomita 280. Ndege ya kivita inauvuka umbali huo kwa muda wa dakika 20 hivi. Tofauti hiyo ya kilomita ndiyo iliyoufanya uwanja wa Ilemela kuwa mlango wa vita vya angani. Ndege zililetwa kutoka Ngerengere, mizinga ya kutungulia ndege ikapangwa, mafundi na marubani wakahamia, na uwanja ambao mwezi uliopita ulikuwa ukipokea abiria wenye masanduku na kuku wa zawadi ukawa kituo cha mbele cha jeshi.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, na ukweli huu lazima usemwe kwa heshima ya waliokufa. Ndege tatu za jeshi letu zilikuwa zikirudi Mwanza. Zilipopita Musoma, wapiga mizinga wetu wenyewe walidhani ni za Amin wakazitungua. Hao hawakuwa wazembe. Walikuwa watu waliokuwa wamesikia kwa wiki kadhaa kwamba adui anatoka kaskazini kwa ndege, na mawasiliano kati ya kituo na kituo yalikuwa duni. Jeshi linalokua mara nne kwa miezi miwili hulipa gharama za namna hiyo, na waliolipa ni marubani ambao majina yao mwananchi wa kawaida hayajui mpaka leo.

Novemba na Desemba majeshi ya Tanzania yaliirudisha Kagera, na Januari 1979 yakaingia Uganda. Masaka ikatekwa Februari. Muammar Gaddafi wa Libya akatuma askari kumwokoa rafiki yake, na hao walipambana na wetu Lukaya tarehe 10 na 11 Machi. Waliposhindwa huko, Libya ikatumia silaha iliyokuwa imebaki, nayo ni ndege kubwa ya mabomu aina ya Tupolev Tu-22, iliyoundwa Urusi. Mwishoni mwa Machi ndege hiyo iliujia mji wa Mwanza.

Fikiria ukubwa wa jambo hilo. Ndege ile ilikuwa miongoni mwa ndege kubwa za mashambulizi zilizomilikiwa na nchi yoyote ya Afrika, na lengo lake lilikuwa mji wa reli, bandari, matangi ya mafuta na uwanja ambao ndege zetu zilitumia. Mabomu yake yangeangukia Kirumba au Mabatini, tungekuwa na makaburi ya kuzuru kila mwaka. Yalikosa shabaha. Yaliangukia Saanane, kisiwa kidogo cha mawe kilicho mbele ya mji, ambacho tangu 1964 kilikuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Waliokufa ni wanyama. Mwaka 2013 kisiwa hicho kilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na wanafunzi kutoka Bariadi na Maswa wanaokwenda huko kwa ziara za shule wanaonyeshwa pimbi na swala. Naomba walimu wao wawaonyeshe pia kwamba pale wanaposimama ndipo yalipoangukia mabomu yaliyokusudiwa kwa watu wa Mwanza.

Jibu la Tanzania lilikuja baada ya siku chache. Ndege zetu zilivuka ziwa na kupiga maghala ya mafuta na shabaha nyingine Kampala, Jinja na Tororo. Tarehe 7 Aprili uwanja wa Entebbe ulitekwa, na Kampala ikaanguka tarehe 11. Pale Entebbe askari wetu walikuta ndege za kivita za Amin zimeachwa, na zile zilizokuwa bado na uwezo wa kuruka zilirushwa na marubani wa Tanzania hadi Mwanza kama mateka wa vita. Nadhani hakuna siku nyingine katika historia ya uwanja ule inayoifikia hiyo. Ndege za taifa lililokuja kutupiga mabomu zilitua Ilemela moja baada ya nyingine, na aliyekuwa ndani ni Mtanzania.

Wanahistoria wa vita hivi huandika zaidi juu ya brigedi za nchi kavu, na ni haki yao, maana vita viliamuliwa na miguu ya askari waliotembea kutoka Mutukula hadi mpaka wa Sudan. Lakini miguu hiyo ilitembea chini ya anga ambalo adui hakuweza kulitawala. Marubani wachache, mafundi waliolala chini ya mabawa, waongozaji ndege waliofanya kazi mchana na usiku, wapiga mizinga walioukodolea macho upeo wa ziwa, na wananchi waliopika na kubeba maji: hao ndio waliolishika anga hilo. Mashujaa wa nchi kavu wana mahali pao pa kukumbukwa Kaboya, wilayani Muleba. Watu wa uwanja wanastahili angalau ukuta wenye majina.

Vita viliacha deni. Gharama yake ilikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, na Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ulifungwa kwa muda mrefu zaidi. Sukari, sabuni na khanga vikawa vitu vya foleni na vya kulanguliwa. Huku kwetu vita viliacha pia bunduki. Silaha zilizotapakaa ziliingia mikononi mwa wezi wa ng'ombe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Usukuma vikaamua kujilinda wenyewe kwa sungusungu. Mzee wa Itilima anayekusimulia habari za pinde, filimbi na mkesha wa kufuata nyayo za ng'ombe anasimulia, bila kuitaja, sura ya mwisho ya vita vya Kagera.

Uwanja wenyewe ulirudi kwa abiria, na jeshi likabaki jirani yao. Mpangilio huo upo mpaka leo: ndege za raia na za jeshi zinashiriki njia moja ya kurukia, na msafiri anayesubiri kuondoka amezoea kuona kwamba upande wa pili hakuna ruhusa ya kuelekeza kamera. Wapo wanaolalamikia hali hiyo. Kwa maoni yangu ni kumbukumbu hai kuliko sanamu yoyote.

Maisha ya kiraia hayakukosa misukosuko. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya ATC aina ya Boeing 737 iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliodai Mwalimu ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwisho Stansted, karibu na London, ambako vijana wale walijisalimisha tarehe 28 baada ya mazungumzo yaliyomhusisha Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni Uingereza. Miaka 51 baada ya barua za London kufika Mwanza, abiria wa Mwanza walijikuta London bila kupenda.

Kisha ikaja biashara ya sangara. Samaki huyo aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka alibadilisha kila kitu. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza kimoja baada ya kingine. Minofu safi haina subira. Inatakiwa ifike Ulaya ikiwa bado mbichi, kwa hiyo uwanja ukaanza kupokea ndege kubwa za mizigo za Ilyushin, zilizokuja na marubani wa nchi za Urusi ya zamani na kuondoka na makumi ya tani za samaki. Minofu ilikwenda Ulaya. Mapanki, yaani kichwa na mifupa, yalibaki kwa wanyonge, yakakaangwa na kuuzwa mitaani mpaka masoko ya Lamadi. Nchi za Ulaya zilipofunga milango kwa samaki wa ziwa mara kadhaa kati ya 1997 na 1999, kwa hofu ya vimelea na kisha ya sumu, ndege zilipungua, na vibarua wa viwandani walirudi vijijini.

Mwaka 2004 uwanja ule ulionekana duniani kote kwa namna iliyotuuma. Mtengeneza filamu kutoka Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, iliyochukua picha zake nyingi Mwanza, mnara wa kuongozea ndege ukiwamo, na iliyodai kwamba ndege za samaki zilikuwa zikileta silaha Afrika. Ilishindania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu wengi wa Mwanza waliona wametukanwa. Mimi naona filamu ile iliwatendea kosa jingine pia, dogo lakini halisi: iliuonyesha uwanja kana kwamba haukuwa na jana. Mtazamaji wa Paris hakuambiwa kwamba mnara ule ulisimamia ndege za vita vya kumwondoa dikteta. Umaskini ulionyeshwa, jasho la kuulinda utu halikuonyeshwa. Na hatari ya kazi ile ilikuwa ya kweli: tarehe 23 Machi 2005 Ilyushin iliyobeba samaki ilianguka ziwani muda mfupi baada ya kuruka, na wote wanane waliokuwamo wakafa.

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, iliyoundwa 1999, imeutunza uwanja huo katika kipindi ambacho kusafiri kwa ndege kumeacha kuwa jambo la vigogo peke yao. Tarehe 29 Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilipoanza safari zake nchini, Dar es Salaam hadi Mwanza ilikuwa moja ya njia mbili za kwanza, na nauli zake zilimfanya mwalimu wa sekondari na mfanyabiashara wa dengu wa Bariadi wapige hesabu upya. Fastjet iliondoka baadaye. Kufufuliwa kwa Air Tanzania mwaka 2016 kuliendeleza tabia ile. Njia ya kurukia imerefushwa, mnara mpya wa kuongozea ndege umesimama, na jengo jipya la abiria limejengwa. Abiria wa leo anayekwenda Muhimbili kumwuguza mama yake anafika Dar es Salaam kwa saa moja na nusu. Baba yake aliifanya safari hiyo kwa treni ya siku mbili, akiwa amesimama.

Huku Simiyu nasi tuna mpango wetu. Eneo la Igegu, Bariadi, limetajwa kwa miaka kadhaa katika mipango ya serikali kuwa mahali pa kujenga kiwanja cha mkoa. Mkoa unaolima sehemu kubwa ya pamba yote ya Tanzania na unaopakana na Serengeti una haki ya kukidai. Siku kitakapofunguliwa, mtu wa Bariadi hatalazimika tena kupita Magu usiku ili awahi ndege ya alfajiri. Nitafurahi kuliko wengi. Lakini tusihamie Igegu mikono mitupu, tukiwa tumeisahau Ilemela.

Kijana wa miaka 20 aliyeitwa mgambo mwaka 1978 alizaliwa 1958. Wenzake wengi wameshatangulia mbele ya haki. Waliobaki wapo Bariadi mjini, Nyakabindi, Malampaka, Mwanhuzi, wanaishi kwa pensheni au kwa jembe, na wengine hawajawahi kuulizwa swali hata moja kuhusu walichokiona. Wengine walibeba mizigo kwenye uwanja ule. Wengine walipandishwa meli bandarini huku ndege zikiwapita juu. Wake zao wanakumbuka ng'ombe na nafaka zilizochangwa kijijini.

Nawaomba basi wasomaji wa Simiyu, hasa walimu wa historia na vijana wenye simu za kurekodi: kaeni na wazee hawa mwaka huu, msingoje sherehe. Waulizeni walikuwa wapi, walikuwa na nani, walikula nini, nani hakurudi. Andikeni jina kamili, kijiji na tarehe, kwa Kiswahili au Kisukuma, kama mzee mwenyewe anavyosema. Kama kuna picha ya sare, kitambulisho cha jeshi au barua kutoka Uganda, ipigeni picha na muirudishe mlikoitoa. Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa ambapo kila basi la Bariadi hupita likielekea uwanjani, yanatunza urithi wa Wasukuma. Pelekeni nakala huko, na nyingine iacheni shuleni kwenu. Na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ipange mapema, kabla ya Machi 2031, ukuta mmoja ndani ya jengo la abiria kwa ajili ya majina ya waliohudumu uwanjani hapo wakati wa vita.